Mwaka Tuliofungua Ekzosi ya Kazungu

Tulimzika Kazungu kwao Rabai, na kwenye matanga, wakati sinia za wali zapitishwa, jamaa mmoja mwenye sauti ya kutangazia mpira alisimama akasema marehemu alikuwa fundi wa ajabu: alikuwa akilitia gari ekzosi moja tu, na gari likitoka gereji limeongezeka nguvu za farasi arobaini. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikalirudisha tonge kwenye sinia. Si kwamba nachukia chumvi. Mimi mwenyewe nikinunua samaki tafi wa kutosha sufuria ndogo, nikifika nyumbani nikaanza kusimulia keshakuwa papa. Lakini hesabu ile naijua, kwa sababu aliyekaa mbele ya kompyuta siku ile ni mimi, Zuhura, na kompyuta haikuwa na habari za matanga. Sikuwa na roho ya kumpunguzia marehemu farasi wake mbele ya mjane. Ila njia nzima ya kurudi Mombasa nilikuwa nimo ndani ya mwaka ule, na kila nikiugeuza naona hadithi yenyewe hasa ilimpa Kazungu sifa kubwa kuliko hiyo ya arobaini.

Mwaka huo ndio kwanza nimemaliza shule ya jioni pale Bondeni. Darasa letu lilikuwa na mpishi wa hoteli, askari wa lango, mama wa watoto watano aliyekuwa akisinzia kwa adabu bila kuangusha kalamu, na mimi. Cheti kilipotoka nilikuwa radhi kukishona juu ya buibui ili watu wakisome nikipita. Ami Swaleh, mwenye gereji kwenye barabara ya kuteremkia Liwatoni, alisikia kuna msichana ajuaye kompyuta na Kiingereza, akaniita. Nilikuwa najua kompyuta kiasi cha kuiwasha. Kiingereza nilikuwa nacho kingi kidogo. Akanipa kazi hapo hapo, kwa sababu alikuwa ameingiza mashine kutoka ng'ambo, iliyokwishatumika, na ilikuwa imekaa chini ya turubai muda mrefu ikiogopwa na watu wazima wenye ndevu.

Mashine yenyewe iliitwa daino, na kazi yake ni kupima nguvu za injini. Gari lapandishwa, magurudumu yake yanayoendesha yakae juu ya magogo mawili ya chuma yaliyozama sakafuni. Lafungwa kwa mikanda minene mbele na nyuma, kisha dereva akanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari languruma, magurudumu yazunguka, magogo yazunguka, na gari haliendi popote. Kompyuta, ambayo ilikuwa na kichwa kikubwa kama friji ya maharusi, yachora mstari unaopanda kama mlima, na pale kileleni ndipo pameandikwa farasi wangapi wamefika kwenye magurudumu. Mara ya kwanza kuliona gari likinguruma namna ile, limefungwa, nilisoma dua zote nilizofunzwa chuo cha Kurani na mbili za kubuni.

Chumba kilikuwa kirefu, cha mabati, kikinuka mafuta, mpira uliopata moto na, upepo ukigeuka, samaki wa Liwatoni. Meza yangu ilikuwa pembeni, bila ukuta wa kunikinga. Mbele ya magogo palisimama feni kubwa yenye magurudumu, feni ambayo ingeweza kumpeperusha mtu mwembamba hadi Likoni. Feni hiyo ni lazima, kwa sababu gari likiwa barabarani hupigwa na upepo wa mbele, na likiwa limefungwa ndani halipati kitu. Injini yavuta hewa ili ichome mafuta. Hewa ikiwa ya moto huwa nyepesi, injini yapata kidogo, na nguvu zapungua. Ami Swaleh alitueleza haya siku ya kwanza, kisha akayasahau, na sisi tukayasahau pamoja naye, kama watu wanavyosahau kitu kilichosimama mbele yao kila siku.

Kazungu alikuwa fundi wa kuchomea ekzosi. Mrefu, mweusi wa kung'aa, Mkristo wa Rabai aliyepanga Likoni, na mwenye kinywa kipana cha maneno. Mtu asimdhanie mnyonge. Akikunja bomba alikuwa akiliongelesha: "Njoo, bibi, njoo taratibu, usinivunjikie." Alikuwa amebuni mabomba yake mwenyewe, manne, ya kutoka injini kwenda kwenye ekzosi, yaliyopinda kwa mahesabu yake ili moshi utoke bila kugongana. Nyuma ya gereji kulikuwa na kona yenye mlango wake wa mabati unaotazama barabara, imejaa matairi mabovu, na Kazungu alikuwa ameitamani kona hiyo kama watu wanavyotamani shamba. Ndani yake alikuwa ameshaiona karakana yake, mabomba yake yametundikwa, na jina lake limeandikwa nje. Alikuwa amechoka kuziba matundu ya ekzosi za watu. Alitaka kutengeneza zake.

Ami Swaleh hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mtu mwingine, mpaka rangi wa magari, aliyekuwa akiiulizia kona hiyo hiyo. Kwa hivyo siku moja, mbele yetu sote, alimwambia, "Kazungu, maneno yako nimeyasikia mpaka masikio yamefanya sugu. Mashine hiyo hapo. Nionyeshe kwamba kazi yako yaongeza nguvu. Ukinionyesha, kona yako. Ukishindwa, nampa mtu wa rangi, nawe usinitajie kona tena."

"Farasi ishirini, mzee," Kazungu akasema.

"Sikukuuliza wangapi."

"Nakwambia tu ujue. Ishirini!"

Mimi nilimpenda kwa hiyo ishirini. Mtu akikata hesabu kwa moyo namna ile, ni ndugu yangu.

Gari la kujaribia lilipatikana kwa daktari wa meno wa Kizingo, bwana mpole aliyevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alikuwa na gari jeupe la Kijapani, na haja yake moja duniani ilikuwa kumpita shemeji yake kwenye mlima wa Mazeras. Tukalipima gari lake kama lilivyo, kabla ya kuguswa: mara tatu, gia ile ile, matairi yamejazwa sawasawa. Lilitoa farasi mia na kumi na nane. Shee, kijana wa kufunga mikanda, mtu wa Mji wa Kale kama mimi na bingwa wa utani, akalipiga bodi kofi akasema, "Haya, nenda ukaote pembe."

Kazungu akaingia kazini na mabomba yake, na kabla hajamaliza Ramadhani ikaandama.

Mwaka ule mfungo uliangukia kwenye joto la kukaangia mayai, na si kwamba naongeza chumvi: mayai tungeyakaanga juu ya bati la gereji kama tungeruhusiwa kuyala. Ikifika adhuhuri Shee alikuwa amelala sakafuni kama kanzu iliyoanguka kambani. Ami Swaleh alikuwa akijibu wateja kwa nyusi ili asimalize mate. Mimi midomo ilikuwa imekauka nikisema "Bismillahi" yasikika kama karatasi. Na Kazungu, ambaye alikuwa hafungi, alikuwa akichukua chakula chake akaenda kulia nyuma ya mapipa ya dizeli, upande wa baharini, tusikione wala tusisikie harufu. Akirudi alikuwa amesukutua kinywa mara nyingi kuliko mtu anayekwenda kuposa.

Siku ya kupima mara ya pili, daktari alikuja na viatu vipya. Gari likafungwa. Kazungu mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye usukani. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mstari ukapanda, ukafika mahali, ukakaa. Niliutazama, nikautazama tena. Nikafuta kioo kwa mtandio labda ni vumbi.

"Zuhura, sema," Ami Swaleh akaniambia.

"Mia na kumi na tatu, ami."

Magogo yalikuwa bado yakizunguka polepole. Daktari akapiga hesabu, na kwa upole ule ule wa kumwambia mtu kwamba jino lang'olewa, akasema, "Fundi, mbona umeniondolea farasi watano?"

"Labda na farasi nao wamefunga, daktari," Shee akasema.

Hakuna aliyecheka, wala yeye mwenyewe. Kazungu alishuka garini, akatazama kioo, akatazama chumba, akafungua kinywa. Nilimwona akikifungua. Kisha akakifunga, na hicho ndicho kilichonishangaza kuliko hesabu yote, maana Kazungu kufunga kinywa bila neno ilikuwa ni kama mnara wa msikiti kuinama. Daktari akasema atalifuata gari kesho, arudishiwe mabomba yake ya zamani. Ami Swaleh alimpeleka Kazungu mlangoni na nikamsikia akimwambia, bila ukali, "Yakhe, mimi nilikuwa nakuombea. Lakini mashine imesema. Kesho alasiri yule wa rangi aja." Kazungu akajibu, "Nimesikia, mzee," akachukua shati lake.

Nikarudi nyumbani Mji wa Kale nimeuma meno. Nilikuwa nikikaa kwa shangazi yangu, Bi Khadija, ghorofani, kwenye nyumba yenye ngazi zenye kiza hata mchana na jiko dogo lisilo dirisha la maana. Saa za kufuturu ndizo saa za vita katika jiko hilo. Uji wa pilipili manga watokota, tambi zapikwa na tui, na kaimati zasubiri mafuta yapate moto. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa kwa kipepeo cha ukili. Nilikuwa nimechutama, akili iko gereji, jasho lanitiririka, na pole pole bila kujua mkono ukageuka.

"We Zuhura!" shangazi akapiga kelele. "Wapepea jiko ama wajipepea wewe? Hebu tizama moto wangu wafa! Watu watafuturu kaimati mbichi kwa sababu ya shingo yako!"

Nikautazama mkono wangu. Nikautazama moto, umekuwa mwekundu wa huzuni. Na ghafla nikakumbuka karatasi. Siku ya kipimo cha kwanza karatasi za mezani kwangu zilitulia kama zimegandishwa. Leo nilikuwa nimezikandamiza kwa kiwiko, kwa sababu zilitaka kuruka. Upepo ulikuwa kwangu. Upepo ulikuwa kwa Shee pale sakafuni, na kwa Ami Swaleh juu ya kiti chake. Feni nzima ilikuwa imetugeukia sisi, tangu mwezi uandame, na gari la watu lilinguruma mara tatu katika joto lile bila hata pumzi ya upepo. Nikasimama nikamkumbatia shangazi, mwiko na yote. Akasema njaa imenipanda kichwani.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Kazungu nyuma ya mapipa. Alikuwa na viazi karai kwenye gazeti, akavifunika haraka.

"Usijali viazi," nikamwambia. "Kazungu, feni!"

"Najua."

"Wajua nini?"

"Feni niliigeuza mimi. Siku ya kwanza ya mfungo. Nilimwona Shee amelala pale, ulimi nje, nikasema ah, hawa watakufa." Alikuwa akitazama maji, hakunitazama. "Jana nilijua hapo hapo. Nilipogeuka nikaona mtandio wako wapepea."

"Na mbona hukusema?"

"Niseme nini, dadangu? Niseme nimeshindwa kwa sababu nyinyi mmefunga? Mbele ya mteja? Upepo niliwapa mwenyewe, hakuna aliyeniomba. Sasa nianze kuwahesabia?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari, yote mazuri, ya shule ya jioni. Nikamwambia tu, "Basi wewe kula viazi vyako. Wa kusema ni mimi," nikaondoka kabla hajanizuia.

Ami Swaleh alinisikiliza akiwa na tasbihi mkononi. Nilimweleza feni, karatasi, kaimati na shangazi, na sikuacha kitu. Alipomaliza kunisikiliza akaita, "Kazungu! Njoo hapa. Ni kweli haya?"

"Ni kweli, mzee."

"Na kona ungeiacha iende?"

Kazungu akainua mabega.

"Haya," Ami Swaleh akasema. "Huruma yako nimeiona. Lakini huruma si kipimo. Labda feni ndiyo iliyokula nguvu, labda ni mabomba yako. Mimi sijui, nawe hujui. Wafungua mabomba, watia ya zamani, twapima na feni ikiwa pale pale ilipokuwa jana."

Hapo Kazungu alikasirika. Watu wa matanga hawamjui Kazungu wa siku hiyo. Kwa fundi wa kuchomea, kuvunja kazi yake mwenyewe mbele ya watu ni sawa na mshonaji kumvua bibi harusi nguo ukumbini. "Yafunguliwa kwa sababu daktari ameyakataa, hayo nimekubali," akasema. "Lakini kuyafungua ili mnichunguze? Tieni feni mbele, mpime tena, mambo yaishe!"

"Tukitia feni mbele nguvu zitapanda," nikasema, "na hatutajua ni zako ama ni za feni." Mwalimu wetu wa fizikia wa shule ya jioni, aliyekuwa akifundisha huku anapiga miayo, alikuwa ametuambia kitu kimoja tu nilichokishika: ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hujapima chochote.

Kazungu akachukua spana akaingia chini ya gari, na tukamsikia huko chini akiyaambia mabomba yake, "Njooni, bibi zangu, njooni. Mtarudi."

Daktari alipofika tulikuwa tayari. Gari lake lilikuwa limerudi kama alivyolileta. Feni ilitutazama sisi, kama jana. Joto lilikuwa ni lile lile. Mara tatu. Nikasoma kileleni, na nikasoma kwa sauti kabla ya kuulizwa: "Mia na nne!" Gari lile lile, mabomba yale yale ya zamani yaliyotoa mia na kumi na nane kabla ya Ramadhani, leo mia na nne. Na kwa mabomba ya Kazungu, katika tanuri hilo hilo, jana lilitoa mia na kumi na tatu. Shee aliinuka sakafuni kama amepigwa na umeme. "Kumbe yaliongeza!" akasema. "Kumbe sisi ndio tulikunywa upepo wa daktari!"

Lakini Ami Swaleh alitaka na upande wa pili. Kazungu akarudisha mabomba yake, tukasubiri gari lipoe, na feni ikageuzwa kuitazama injini. Sisi watatu tuliofunga tukabaki kwenye joto bila kitu. Sijawahi kutoka jasho kama lile. Laiti lingechotwa, Liwatoni wangepata bahari ya pili. "Pimeni upesi," Shee akawa analia, "roho yangu ishafika kwenye kola." Tukapima. Mia na ishirini na saba, na kwa mabomba ya zamani, feni ikiwa mbele, ilikuwa mia na kumi na nane. Tofauti ile ile, ndani ya joto na ndani ya upepo: farasi tisa.

Nilitaka kupiga kigelegele, na nilikifungulia kinywa, lakini nikaona uso wa Kazungu. Alikuwa akiitazama ile tisa kama mtu aliyefunguliwa zawadi akakuta ndogo kuliko sanduku. Daktari naye, kwa upole, akauliza, "Fundi, si ulisema ishirini?"

Angeweza kusema mengi. Angeweza kulaumu joto, mafuta, umri wa gari, na mimi ningemsaidia kwa furaha, maana kwa kuongeza nina kipaji. Akapangusa mikono. "Nilisema ishirini, daktari. Ni tisa. Ukitaka nayatoa sasa hivi."

Daktari akatafakari, labda akauona mlima wa Mazeras na mgongo wa shemeji yake. "Acha," akasema. "Tisa nawachukua."

Lakini neno la kona halikusemwa. Mtu wa rangi alikuja alasiri ile, Ami Swaleh akazungumza naye nje, akarudi ndani, na alichotuambia ni kwamba tangu sasa feni itapigwa boliti sakafuni, iitazame injini, isigeuzwe na mtu yeyote. Ilikuwa ni haki. Shee alifumba macho kama aliyesomewa hukumu. Hapo Kazungu, aliyekuwa bado hajui kama ana kona ama hana, akasema, "Mzee, usiipige boliti. Tupime alfajiri. Wakati huo hewa ni baridi, kila gari litapimwa katika hali moja. Tukimaliza, feni iwe ya watu mpaka magharibi."

"Alfajiri sisi tuko macho kwa daku na sala," Ami Swaleh akasema. "Wewe utatokaje Likoni saa hizo?"

"Nitatoka."

Siku iliyofuata nilikwenda moja kwa moja baada ya sala, buibui bado lina harufu ya udi. Ami Swaleh na Shee walikuwa wakija kutoka msikitini, kofia vichwani, matumbo yao bado mazito kwa daku. Kazungu alikuwa ameketi juu ya tairi nje ya mlango uliofungwa, mikono kati ya magoti, shati limelowa umande. Alikuwa ametoka kwake kabla mkewe hajawasha jiko.

"Sabalkheri, mzee."

"Sabalkheri. Umekuja zamani?"

"Si zamani."

"Chai umekunywa?"

"Nitakunywa tukishapima."

Ami Swaleh alisimama akamtazama, na nadhani ndipo alipoona, kama nilivyoona mimi, kwamba asubuhi ile sisi watatu tulikuwa tumeshiba na mwenye njaa alikuwa yeye. Alitoa rundo la funguo kwenye mfuko wa kanzu, akahangaika nalo kwa kucha, akaung'oa mmoja, ufunguo wa kufuli la mlango wa mabati ule wa kona, akamtilia mkononi.

"Basi siku nyengine usikae nje kama mgeni," akamwambia. "Fungua kwako uingie."